Nina kadi ya mpiga kura, mbona jina halimo kwenye orodha ya mtaa?

Mgeni wa Jiji

Habari za saa hizi wakuu. Naomba mwongozo wa mtu aliyezisoma kanuni, si wa kijiweni.

Mtu ana kadi ya mpiga kura aliyoichukulia Nyegezi, Mwanza. Kahamia Dodoma, anakaa Nzuguni. Novemba 2024 akaenda na kadi yake kumchagua mwenyekiti wa mtaa. Karani kapekua, jina hakuna, akarudishwa nyumbani. Kadi ni halali na haijafutwa. Sasa ina kazi gani kama haimwezeshi hata kumchagua mwenyekiti wa mtaa anaolala? Afanye nini, na lini, ili 2029 yasimkute tena?

Na la pili: katika karatasi zote za kura sijawahi kuona ya Meya wa Jiji. Huyu anachaguliwa wapi?

Kalamu ya Karani

Mkuu, kadi haina kosa na karani naye hana kosa. Tanzania Bara ina vitabu viwili vya wapiga kura, na hivyo vitabu havisomani.

Kimoja ni Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Mwenye nalo ni Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Unapigwa picha, unachukuliwa alama za vidole kwenye mashine ya BVR, unaondoka na kadi. Hilo ni la kumchagua Rais, Mbunge na Diwani, kama ilivyokuwa 29 Oktoba 2025. Linaitwa la kudumu kwa sababu kila awamu linaboreshwa tu: wapya wanaingia, waliofariki wanatolewa, waliohama wanahamishiwa taarifa.

Cha pili ni orodha ya wapiga kura ya mtaa (kwa vijijini, ya kitongoji). Hiyo iko chini ya Ofisi ya Rais – TAMISEMI, na huandikwa upya kabisa kila unapofika uchaguzi wa serikali za mitaa. Aliyekuwemo 2019 hakuingia 2024 kwa sababu tu alikuwemo 2019. Hakuna picha, hakuna mashine. Karani anakuuliza jina, umri, anaandika jinsi, unatia saini au dole gumba, umemaliza. Hupewi kadi wala karatasi yoyote. Hapo ndipo wengi wanapoteleza: mtu katoka mikono mitupu, anaona kama hajaandikishwa, kesho anakwenda kujiandikisha mtaa wa pili. Kujiandikisha mara mbili ni kosa la uchaguzi.

Kwa 2024 uandikishaji ulikuwa siku 10 tu, 11 hadi 20 Oktoba, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Kura zikapigwa 27 Novemba. Aliyepitwa na hizo siku 10 hakuwa na mlango mwingine, hata awe na kadi tatu mfukoni.

Kilichowachanganya watu zaidi mwaka ule ni kwamba Tume nayo ilikuwa mikoani ikiboresha Daftari lake, kazi iliyoanzia Kigoma Julai 20. Katika mikoa mingine watu waliandikishwa mara mbili ndani ya miezi michache, kila mara kwa kitabu tofauti, na matangazo yote mawili yalisema "jiandikishe". Aliyekwenda moja akadhani amemaliza yote.

Na kichekesho ni hiki: kadi ya Nyegezi ingemfaa sana huko Nzuguni kama jina lingekuwemo kwenye orodha. Siku ya kupiga kura za mtaa kadi hiyo hukubaliwa kama kitambulisho, sawasawa na kitambulisho cha Taifa, leseni ya udereva, pasi ya kusafiria au kadi ya bima ya afya. Kinachoangaliwa hapo ni sura na jina lako, sio kituo kilichoandikwa kwenye kadi.

Msoma Kanuni

Naongezea upande wa sheria, maana kuna anayesoma hapa ataleta hoja kwamba Tume ndiyo inayosimamia chaguzi zote.

Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi Na. 2 ya 2024 kweli imetaja uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji, vitongoji na mitaa kati ya majukumu ya Tume, ila kwa utaratibu utakaowekwa na sheria itakayotungwa na Bunge. Uchaguzi wa 2024 ulifika sheria hiyo ya pili haijatungwa, ndiyo maana uliendeshwa kwa kanuni za Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Kwa hiyo kabla ya 2029 usikariri tu majibu ya leo. Sheria hiyo ikitungwa, huenda vitabu viwili vikawa kimoja. Isipotungwa, tarajia siku chache za karani na kalamu kama kawaida.

Hesabu zenyewe zinaonyesha kuwa ni vitabu viwili. Orodha za 2024 zilifikisha watu 31,282,331. Daftari la Tume mwaka uliofuata lilikuwa na zaidi ya milioni 37, na Daftari hilo linagusa na Zanzibar, ambako hakuna uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa kabisa. Kule kuna sheha, naye anateuliwa.

Sasa huyo ndugu wa Nzuguni ana kazi mbili, asizichanganye.

Kazi ya Daftari: ahamishe taarifa zake kutoka Nyegezi. Akiacha zilivyo, uchaguzi wa diwani atalazimika kupanda basi kwenda Mwanza, na huko atamchagua diwani wa kata asiyoishi. Ombi la kuhamisha linaweza kuanzia mtandaoni kwenye mfumo wa Tume, lakini halimaliziki huko. Ni lazima afike kituo cha kuandikisha cha kata yake mpya, wakati wa uboreshaji, akamilishe mbele ya mashine na kupewa kadi yenye kituo kipya. Wengi hujaza mtandaoni, wakaona ujumbe wa kupokelewa, wakatulia. Taarifa zao zinabaki kule kule.

Kazi ya orodha ya mtaa haina maandalizi marefu, ila inataka sikio. Mwaka 2024 wasimamizi wa uchaguzi walitoa maelekezo 26 Septemba, siku 62 kabla ya kura. Tangazo la namna hiyo likitoka, asogee ofisi ya mtendaji wa mtaa aulize mambo mawili: mtaa wangu hasa ni upi, na kituo chake kiko wapi.

Hilo la kwanza lisidharauliwe. Maeneo yanayokua haraka kama Nzuguni, Kisasa au Ilazo mtu anaweza kutaja jina la eneo wanalolitumia bodaboda, kumbe kiserikali ni mtaa mwingine kabisa, na mpaka ni korongo au barabara ya vumbi iliyo nyuma ya nyumba yake. Akijiandikisha upande usio wake, anaweza kuwekewa pingamizi la ukaazi orodha itakapobandikwa.

Mama wa Makole

Orodha ikibandikwa, nendeni mkaisome jamani! Watu wanaandikishwa vizuri halafu hawarudi kuangalia. Inabandikwa ili kasoro zisahihishwe kabla ya siku ya kura: jina limeandikwa "Mwajabu" badala ya "Mwanajabu", umri umeandikwa 17 badala ya 71, aliyefariki bado yumo, aliyehama bado yumo. Siku ya kura msimamizi wa kituo hana mamlaka ya kuandika jina jipya pembeni ya orodha, hata kama ni jirani yake wa ukuta mmoja.

Chukueni simu mpige picha mstari wenye jina lako na namba yake. Siku ya kura unamtajia karani namba, anakwenda moja kwa moja. Kituo chenye watu mia kadhaa, orodha isiyofuata alfabeti, kutafuta jina moja ni dakika kadhaa, na foleni nyuma inanung'unika.

Fomu Safi

Kwa kuwa watu wataanza kuuliza kuhusu kugombea, naweka hapa mapema.

Kwenye mtaa mnachagua mwenyekiti mmoja na wajumbe watano wa kamati ya mtaa: watatu kundi mchanganyiko, wawili kundi la wanawake. Mwanamke anaweza kugombea lolote kati ya makundi hayo mawili. Mwaka 2024 mitaa iliyohusika ilikuwa 4,264, ndiyo maana nafasi za ujumbe zilikuwa 21,320.

Sifa: raia wa Tanzania, miaka 21 au zaidi (kupiga kura ni 18), unajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, mkazi wa eneo hilo, una shughuli halali ya kukuwezesha kuishi, na umedhaminiwa na chama cha siasa chenye usajili wa kudumu. Mgombea binafsi hakuna, si mtaani, si kwenye udiwani.

Watu wengi hawashindwi kwenye sanduku, wanashindwa kwenye fomu. Sehemu zinazoua ni zile zile kila mwaka. Jina la kwenye fomu halilingani na la kwenye orodha ya wapiga kura: huku "Mohamed Ally Juma", kule "M. A. Juma". Nafasi ya shughuli imeachwa wazi kwa sababu mgombea ni mama wa nyumbani au kijana wa kazi za siku, na wote wawili wanadhani hawana cha kuandika. Andika! "Mkulima wa bustani", "fundi ujenzi", "mfanyabiashara ndogo ndogo" ni shughuli halali. Nafasi ya umri imejazwa mwaka wa kuzaliwa. Na kubwa kuliko yote, udhamini wa chama: fomu imesainiwa na kiongozi wa ngazi isiyo na mamlaka ya kudhamini kwa uchaguzi huo, au mhuri umegongwa bila saini. Chama kiulize mapema ni ngazi gani inayodhamini, na mhuri upi.

Mwaka 2024 kuchukua na kurudisha fomu ilikuwa 26 Oktoba hadi 1 Novemba, uteuzi 8 Novemba. Rudisha siku ya tatu au ya nne, usisubiri ya mwisho. Ukirudisha mapema na kosa likaonekana, bado una siku za kurekebisha. Siku ya mwisho jioni kosa dogo linakuwa la kudumu. Toa nakala ya kila ukurasa kabla hujakabidhi, na nakala yako isainiwe kuwa imepokelewa, na tarehe na saa.

Ukienguliwa, hatua ya kwanza ni pingamizi kwa msimamizi msaidizi, kwa maandishi, ukitaja kifungu cha kanuni. Usipotendewa haki unakwenda Kamati ya Rufani ngazi ya wilaya. Muda wa hatua hizi ni wa siku chache mno, kwa hiyo barua ya malalamiko kwenda makao makuu ya chama, ikasubiri kikao, haikusaidii. Wengi wenye hoja nzuri wameangushwa na kalenda.

Mgeni wa Jiji

Shukrani sana wakuu. Swali dogo: balozi wa nyumba kumi alisema angepeleka majina ya watu wa eneo lake yote kwa pamoja. Hilo linawezekana?

Kalamu ya Karani

Hapana. Kila mtu anafika mwenyewe na anasaini mwenyewe. Halafu balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa shina la chama. Hayumo kwenye serikali ya mtaa, tofauti na mjumbe wa kamati ya mtaa anayepigiwa kura na wakazi wote. Mazoea ya enzi ya chama kimoja bado yanawachanganya watu, hata barua ya utambulisho mtu anaanzia kwa balozi. Na mtendaji wa mtaa naye hachaguliwi, ni mwajiriwa wa halmashauri.

Jogoo wa Eastleigh

Hapa Nairobi mngeshangaa. Sisi sajili ni moja, ya IEBC, tume yetu ya uchaguzi, na siku ya uchaguzi mkuu unapewa karatasi sita kwa mpigo: Rais, Gavana, Seneta, Mbunge, Mwakilishi wa Wanawake na MCA (mjumbe wa bunge la kaunti) wa wadi. Unatambuliwa kwa alama za vidole kwenye mtambo wa KIEMS. Meya tulimuaga katiba mpya ilipoanza kazi, na tangu 2013 Gavana wa Nairobi anachaguliwa moja kwa moja. Lakini chifu hatumchagui kwa kura. Kwa hiyo kwenu mnamchagua wa chini kabisa na hamumchagui wa juu, kwetu ni kinyume chake.

Shida yetu ni kituo. Umejisajili Kakamega unaishi Pipeline hapa Nairobi, utasafiri, au uhamishe kituo kabla sajili haijafungwa. Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027, wenye kuhama wasingoje.

Msoma Kanuni

Jogoo umenikumbusha swali la Meya.

Mkuu, hukuona karatasi yake kwa sababu Meya hapigiwi kura na wananchi. Anachaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao, kwa kura ya siri, katika kikao cha kwanza cha baraza baada ya uchaguzi mkuu, wakishaapishwa. Wapiga kura ndani ya ukumbi ule ni madiwani wa kata, madiwani wa viti maalum na wabunge ambao ni wajumbe wa baraza hilo. Meya anakaa kipindi cha baraza. Naibu Meya anachaguliwa kila mwaka.

Maana yake, kura yako ya diwani ndiyo kura yako ya Meya, ila kwa mkono wa mtu mwingine. Ukitaka kujua nani atakuwa Meya, tazama chama kipi kina madiwani wengi, kisha tazama mchujo wa ndani wa chama hicho. Mara nyingi mchezo huishia hapo, ukumbini ni kukamilisha tu.

Angalia pia uko halmashauri ipi. Majiji ya Bara ni sita: Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza, Arusha, Mbeya na Tanga. Lakini mtu wa Sinza hana Meya mmoja na mtu wa Kariakoo. Tangu Februari 2021, ilipovunjwa halmashauri ya zamani ya jiji na Ilala kupandishwa hadhi, Jiji la Dar es Salaam ni eneo la Ilala. Sinza iko Manispaa ya Ubungo, na ina Meya wake. Mwanza hali kadhalika: Nyamagana ndiko kwenye Jiji, Ilemela ni Manispaa.

Lakiri

Nimalizie siku yenyewe, kwa uchaguzi wa mtaa.

Kura zinaanza saa 2 asubuhi, zinafungwa saa 10 jioni. Uchaguzi mkuu huanza saa 1, kwa hiyo usije ukapanga ratiba kwa mazoea. Aliyekwisha kuingia kwenye foleni saa 10 ikigonga anapiga kura. Anayekuja baada ya hapo, basi.

Kabla ya mtu wa kwanza kupiga, sanduku linafunguliwa mbele ya mawakala wa vyama na waliopo, linageuzwa, linaonekana tupu, ndipo linafungwa kwa lakiri (kifungo chenye namba). Wakala makini anaandika namba za lakiri kwenye daftari lake. Jioni, kabla sanduku halijafunguliwa, anazilinganisha. Wakala anayefika saa 3 amekwisha kukosa jambo hilo, na hawezi kulidai tena.

Ukipokea karatasi, ingia kwenye kituturi (kibanda cha kupigia kura kwa siri), weka alama ya vema kwenye nafasi ya unayemtaka, kunja, tumbukiza. Kura zinazoharibika nyingi ni za wajumbe, sio za mwenyekiti. Mtu kazoea tiki moja, sasa kaambiwa anachagua wajumbe zaidi ya mmoja, anapitiliza idadi. Wengine wanaandika jina au kutia saini "ili ijulikane ni yangu". Hiyo inaiua kura papo hapo, maana siri imevunjika. Ukikosea kabla hujatumbukiza, mrudishie msimamizi ile iliyoharibika uombe nyingine. Usifute kwa mate, karatasi inachanika.

Asiyeona au asiyejua kusoma anaruhusiwa kuingia na mtu anayemwamini amsaidie. Msaidizi huyo asiwe msimamizi wa kituo wala wakala wa chama. Wajawazito, wenye watoto wachanga, wazee na wagonjwa hawapangi foleni.

Mgombea akibaki peke yake, 2024 hakupita bila kupingwa kama 2019. Karatasi ilikuwa na NDIYO na HAPANA. Watu wakaona hakuna mpinzani, wakabaki nyumbani. Hapana ni kura kamili, inahesabiwa, na Ndiyo zisipozidi, mgombea hajapita.

Kuhesabu ni hapo hapo kituoni, mawakala wakiwepo. Karatasi moja moja inainuliwa, inaonyeshwa, inasomwa. Jumla ya kura halali na zilizoharibika ilingane na idadi ya waliowekewa alama kwenye orodha kuwa wamepiga. Isipolingana, wakala adai irudiwe kabla ya kusaini fomu ya matokeo, sio baada. Matokeo yanabandikwa kituoni. Asiyeridhika anafungua shauri Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, na huko ataulizwa kwanza nakala ya fomu ya matokeo iliyosainiwa. Picha ya ubao kwenye WhatsApp haitoshi.

Mgeni wa Jiji

Nimeelewa wakuu. Kwa hiyo kwanza nahamisha taarifa Tume, kisha nasubiri tangazo la 2029 niende kwa mtendaji.

Kalamu ya Karani

Ndivyo. Na kwenye la Tume, baada ya kukamilisha kituoni, hakiki kwa simu kwa kupiga *152*00# uone kama kituo kimebadilika. Kikiwa bado kinasema Nyegezi, rudi kituoni siku hizo hizo kabla mashine hazijahamia kata nyingine.